Watu wa Kericho Waliozaliwa Gwassi

Wako wazee Kericho ambao ukiwauliza kwao ni wapi, wanakujibu bila kusita kwamba ni hapa hapa. Ukiwauliza walizaliwa wapi, wanakutajia Gwassi. Gwassi iko Kaunti ya Homa Bay, katika vilima vinavyolitazama Ziwa Victoria, nchi ya joto, nchi ya Wasuba na Waluo, mbali kabisa na ubaridi wa mashamba ya chai ya Kericho. Mkipsigis wa Kericho wa miaka ya 1930 hakuwa na shughuli huko. Hakuwa na malisho, hakuwa na shemeji, hakuwa na kaburi la babu. Wazazi wa wazee hawa walipelekwa kwa nguvu ya sheria, na kosa lao lilikuwa kuzaliwa katika ukoo wa Talai.

Nimewapa sura nzima kwa sababu wanalijua kuliko mtu yeyote swali linalokisumbua kitabu hiki: mtu akitolewa kwao, ni nini kinachobaki cha kumfanya aendelee kuwa mtu wa huko? Tukisikia habari za kutafuta asili, wengi wetu tunawafikiria waliovuka bahari: Mkenya wa Minnesota anayemfundisha mwanawe Kiswahili jikoni, au mjukuu wa Mzanzibari aliyekulia Maskati. Watalai hawakuvuka bahari. Walihamishwa kutoka upande mmoja wa magharibi ya Kenya hadi upande mwingine, chini ya bendera ile ile, na hata hivyo waliishi karibu miaka 30 kama wageni.

Talai ni ukoo mmoja kati ya koo nyingi za Wanandi na Wakipsigis, na mnyama wake ni simba. Katika ukoo huo ndimo walimotoka orkoiyot. Orkoiyot hakuwa mfalme. Hakutoza kodi wala hakuwa na askari wa kumlinda. Alikuwa mtu wa kuulizwa kwanza. Vijana wakitaka kwenda kuteka ng'ombe walituma ujumbe kwake, mvua ikikawia alifuatwa, rika likitaka kukabidhi madaraka kwa rika linalofuata neno lake lilingojwa. Uwezo huo uliaminika kupita kwa baba kwenda kwa mwana, wala si kila Mtalai alikuwa nao, lakini kila Mtalai alitazamwa kama mtu ambaye huenda anao. Kutazamwa huko kulikuwa na heshima ndani yake, na hofu pia.

Masimulizi ya Wanandi yanasema mababu wa Talai walitoka kwa Wamaasai. Walikuwa watoto wa nyumba ya laibon, mtabiri wa Kimaasai, waliokimbia maafa kwao, wakapokelewa na Wanandi na kupewa mahali pa kukaa. Ina maana ukoo huu ulikuwa wa wahamiaji tangu mwanzo, na nguvu zake zote ulizipata ugenini. Naona jambo hili linasahaulika upesi siku hizi, kwenye mabishano ya nani ni mwenyeji halisi wa Bonde la Ufa. Watu walioombwa wabariki ardhi ya Nandi walikuwa wajukuu wa wakimbizi.

Kupokelewa kwao hakukuwa na dhamana. Karibu mwaka 1890 Wanandi walimuua kwa marungu orkoiyot wao, Kimnyole arap Turukat, wakimtwika lawama za misiba iliyowaandama. Wanawe wawili wakaachana njia. Koitalel arap Samoei akashika nafasi ya baba yake Nandi. Kipchomber arap Koilegen akaenda kwa Wakipsigis, akawa orkoiyot wao wa kwanza, na Watalai wa Kericho na Bomet tunaozungumza habari zao hapa wanaihesabu historia yao kuanzia safari hiyo.

Kilichofuata kinajulikana zaidi upande wa Nandi. Tarehe 19 Oktoba 1905, baada ya miaka kumi ya Wanandi kuupinga utawala wa Waingereza na reli yao, Koitalel aliitwa kwenye mazungumzo ya amani na ofisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, akapigwa risasi hapo hapo pamoja na watu wake. Fimbo zake zilichukuliwa zikakaa Uingereza miaka mia moja, mpaka 2006 ziliporudishwa Kenya na mtoto wa Meinertzhagen mwenyewe. Wanandi wanaamini kwamba kichwa cha Koitalel nacho kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na mpaka leo wanakidai. Mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa Oktoba 1923, wakati Wanandi wakijiandaa kwa sherehe kubwa ya kukabidhiana rika ambayo serikali iliishuku kuwa maandalizi ya vita. Alitoka kizuizini 1964, Kenya ikiwa imeshapata uhuru. Hakuna mfungwa wa kisiasa katika historia ya nchi hii aliyekaa kizuizini muda mrefu kuliko yeye. Sehemu ya miaka hiyo aliimalizia kisiwani Mfangano, ng'ambo tu ya maji kutoka Gwassi.

Upande wa Wakipsigis, Koilegen na ndugu zake waliondolewa mwaka 1914. Serikali ikadhani imemaliza kazi. Lakini utawala ulikuwa unashindana na imani ya watu, na imani hiyo haikukaa kwa mtu mmoja bali katika nasaba nzima. Akiondoka mzee, macho yanageukia kwa mdogo wake, kisha kwa mwanawe, kisha kwa binamu. Mwaka 1934 serikali ikalikubali hilo kwa namna yake, ikatunga sheria ya kuwaondoa wote: Sheria ya Kuhamisha Malaiboni, kama ilivyowaita orkoiyot na jamaa zao. Kati ya 1934 na 1937 watu karibu 700, wanaume, wanawake na watoto wachanga, walitolewa Kericho wakapelekwa Gwassi.

Sababu iliyotolewa ilikuwa wizi wa mifugo na uchochezi. Nisiifiche sehemu isiyopendeza: wapo machifu wa Kikipsigis waliofurahia kuondoka kwao, na wapo raia wa kawaida waliokuwa wamechoka kuishi na hofu ya orkoiyot. Ila mtu hawezi kuitazama ramani ya Kericho ya miaka hiyo akaridhika na habari ya wizi wa ng'ombe peke yake. Mwaka 1919, mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ilitenga ekari 25,000 karibu na Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Mradi ukafilisika upesi. Katikati ya miaka ya 1920 ikaja kampuni ya Brooke Bond, ikaja na kampuni ya African Highlands ya nyumba ya James Finlay, na ardhi hiyo ikaanza kufunikwa na chai. Miaka kumi baadaye, nasaba pekee ambayo Wakipsigis wangeweza kuisikiliza kuliko serikali ikaondolewa kwenye nchi hiyo. Wazee wa Talai wanasema waliondolewa ili chai ikae kwa raha. Sijaona hati inayoandika hivyo kwa maneno hayo. Naona tu mambo mawili yaliyofanyika mahali pamoja, kwa mkono mmoja, yakamfaidi mtu mmoja, na kwangu hilo linatosha kuwasikiliza wazee.

Gwassi ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa imehamwa. Bonde la Lambwe, lililo jirani yake, lilijaa mbung'o, na mbung'o analeta malale kwa mtu na nagana kwa ng'ombe. Wenyeji wengi walikuwa wamelihama. Sehemu kubwa ya bonde hilo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Ruma, makao ya korongo, na si jambo la kushangaza kwamba mahali palipowashinda watu pakawafaa wanyama wa porini. Watu wa mlimani, waliozoea baridi na mvua ya kila alasiri, walishushwa kwenye joto, malaria na mbung'o, na ng'ombe wao wakafa. Kwa Mkipsigis hilo si hasara ya mali tu. Ng'ombe ndiye mahari, ndiye mursik, maziwa ya mgando, ya mgeni, ndiye anayekutanisha koo mbili. Familia isiyo na ng'ombe haina namna ya kuzungumza na familia nyingine.

Hapa pana jambo ambalo walioandika sheria hawakuliwaza, au waliliwaza wakaona linafaa. Kwa kawaida Wakipsigis hawaoani ndani ya ukoo. Sasa chukua ukoo mmoja, uutenge na koo nyingine zote, uufungie mahali pamoja, na vijana wake wafike umri wa kuoa. Watamuoa nani? Njia zilizobaki ni kuvunja mwiko, kupenya kurudi Kericho kinyemela, au kuwaoa jirani. Kila njia kati ya hizo inambadilisha mtu. Mtoto aliyezaliwa Gwassi alicheza na watoto wa Kisuba na Kiluo, akajua Kijaluo kabla hajaujua ubaridi wa nchi aliyoambiwa kuwa ni yake.

Majirani hao nao walikuwa na hadithi yao. Wasuba, kwa masimulizi yao, walitoka upande wa Buganda wakavuka ziwa kwa mitumbwi miaka mia mbili na zaidi iliyopita, wakikimbia machafuko ya huko. Walikuwa Wabantu. Kizazi baada ya kizazi, kwa ndoa, soko na shule, wakahamia Kijaluo, mpaka lugha yao wenyewe ikabaki kwa wazee wachache, wengi wao visiwani kama Mfangano. Bado ni Wasuba. Wanazijua koo zao na wanajua zilikotoka. Kwa hiyo Watalai walipelekwa kuishi katikati ya watu waliokwisha kuonyesha kwamba lugha inaweza kwenda na ukoo ukabaki. Ningependa sana kujua wazee wa pande hizo mbili walizungumza nini jioni.

Kilichowashikilia Watalai kilikuwa kitu kidogo kuliko lugha, na kilikuwa mikononi mwa wanawake. Mtoto wa Kikipsigis anapozaliwa, wanawake wazee humkusanyikia na kuanza kutaja majina ya marehemu wa upande wa baba, mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio, huku wakimpulizia kichanga ugoro kidogo puani. Jina linalotajwa wakati mtoto anapiga chafya ndilo lake. Huyo mzee ndiye aliyerudi. Mtoto anaweza kupata jina la wakati aliozaliwa, akapata la ubatizo, akaja kuitwa arap fulani baada ya jando, lakini lile la chafya linabaki ndani ya nyumba, la mama kumbembelezea na la wazee kumwitia penye jambo zito.

Fikiria shughuli hiyo ikifanyika Gwassi, ndani ya kibanda, mwaka 1940. Bibi anataja majina. Kila jina analolitaja ni la mtu aliyekufa Kericho, Sotik au Nandi, na mtoto hawezi kupata jina la mahali pale kwa sababu hakuna marehemu wa nyumba hiyo aliyezikwa pale, au wapo wachache mno. Ili shughuli ifanyike, bibi lazima awe na orodha ndefu kichwani, na binti zake na wakaza wanawe lazima waisikie mara nyingi mpaka waishike. Mtu aliyeishi kwao anaweza kumsahau babu wa nne, maana kilima kipo na kitamkumbusha. Aliye Gwassi akimsahau, amepotea. Hivyo ndivyo uhamisho ulivyolazimisha kumbukumbu kufanya kazi ambayo nyumbani ingefanywa na ardhi.

Serikali nayo ilisaidia bila kukusudia. Ili kuuhamisha ukoo, ilibidi kwanza kuujua: nani ni Mtalai na nani si Mtalai, wake ni wangapi, watoto ni wangapi, nani kabaki nyuma. Watu ambao katika maisha ya kawaida wangeendelea kuchanganyika na Wakipsigis wengine, mpaka jina la ukoo likabaki kitu cha kuulizwa siku ya posa tu, walihesabiwa, wakaandikwa na kuwekwa pamoja. Adhabu iliyokusudiwa kuuzima ukoo iliukaza. Ninaamini Watalai wangekuwa kitu kidogo zaidi leo, kama ukoo, laiti wasingeguswa.

Sitaki kusema hili kana kwamba ni faraja. Watoto walikufa kwa malaria na hawakurudi kwa chafya yoyote.

Watu wengine duniani wamepitia njia inayofanana na hii, na nimejifunza mengi kwa kuwalinganisha. Hawaii ulikuwa ufalme wenye katiba yake mpaka 1893, Malkia Liliʻuokalani alipopinduliwa na kundi la wafanyabiashara wa kigeni wenye maslahi katika miwa, wanamaji wa Marekani wakiwa wameshuka pwani kuwapa nguvu. Mashamba makubwa ya sukari yalikuwa yamekwisha kula ardhi, kama chai ilivyokuja kufanya Kericho. Mwaka 1921 Bunge la Marekani likatunga sheria ya kuwatengea wenyeji sehemu ya ardhi, kwa sharti kwamba mwombaji awe na damu ya Kihawaii isiyopungua nusu. Leo, kwa hesabu ya watu ya 2020, Wahawaii wa asili wanaoishi bara la Marekani wamewazidi waliobaki visiwani. Nyumba za visiwani zimekuwa ghali, na wengi wamehamia miji kama Las Vegas, ambako wanafundisha watoto wao ngoma na lugha ya nchi ambayo baadhi ya watoto hao hawajaiona.

Hesabu ya damu ina sumu yake. Kila ndoa ya nje inapunguza sehemu, mpaka siku moja mjukuu anaambiwa hafikii kiwango ingawa anaongea lugha kuliko jirani anayefikia. Nasaba ya Talai haina sehemu. Mtoto wa Mtalai aliyemwoa Msuba ni Mtalai mzima. Kwa upande huo Gwassi haikuweza kuwapunguza. Lakini Wahawaii walipata kitu ambacho Watalai wangali wanakingoja: mwaka 1993 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la kuwaomba radhi kwa mapinduzi yale, na Rais Clinton akalitia sahihi. Azimio hilo halikurudisha shamba hata moja. Bado, limeandikwa.

Watalai walirudishwa Kericho kuelekea uhuru, karibu 1962. Ninaposoma na kusikia habari za kurudi huko, naona ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kuondoka. Gwassi kila mtu alijua yeye ni wa wapi. Kericho walifika wakakuta chai imefika mpaka kwenye upeo wa macho. Mchai ukiachwa huwa mti. Shambani unapogolewa usipite kiuno cha mtu, ukawa kama meza, na wachuna chai wanapita wakitwaa majani mawili na kichipukizi, wanakwenda, wanarudi baada ya wiki moja au mbili, na hivyo hivyo miaka nenda miaka rudi. Unaweza kuchunwa kwa miaka mia. Ipo michai Kericho iliyopandwa katika miaka ya 1920, ambayo ilikuwa imeshika mizizi Watalai wakihesabiwa kupelekwa Gwassi, na bado inatoa majani. Mzee aliyerudi 1962 hakuwa na alama ya kumwonyesha mwanawe. Mkuyu uliokuwa mpaka umekatwa, boma limelimwa, njia ya ng'ombe imekuwa barabara ya trekta.

Ardhi iliyokuwa ya kampuni ilibaki ya kampuni, kwa mikataba ya muda mrefu. Kenya huru ilirithi hati pamoja na bendera. Familia nyingi za Talai zikajibanza kando ya mji wa Kericho, kwenye vipande visivyotosha kufuga ng'ombe mmoja, wengine bila hatimiliki mpaka leo. Watu wa ukoo uliokuwa ukiulizwa kwanza wakawa maskwota kwao. Wale wa upande wa Nandi, waliokusanywa Kapsisiywa, hawakuwa na hali nzuri zaidi.

Hofu nayo haikwenda Gwassi kukaa. Wapo Watalai ambao watakwambia ukoo wao baada ya kukuzoea tu. Wakati huo huo, Juni 2020, wazee wa Talai walipomfanyia William Ruto, wakati huo Naibu Rais, tambiko la baraka huko Kapsisiywa, nchi nzima ilibishana wiki kadhaa kuhusu uzito wake: nani ana haki ya kubariki, na nani aliidhinisha. Jamii inayoweza kuitikisa siasa ya taifa kwa tambiko moja haina mahali pa kuzika wafu wake kwa nafasi. Mambo haya mawili yanakaa pamoja Kericho, na wenyeji wanayaona ya kawaida. Mimi siwezi kuyaona ya kawaida.

Na si Watalai peke yao wenye swali la kwao ni wapi katika nchi ya chai. Kwenye nyumba za kampuni, zile safu za nyumba ndogo zilizopangwa katikati ya mashamba, wanaishi watu ambao babu zao walitoka Kisii, Nyanza na Magharibi kuja kuchuna. Wamezaliwa pale. Wamesoma shule ya kampuni, wamezaa pale. Lakini nyumba ni ya kazi, kazi ikiisha nyumba inaisha, na hakuna anayezikwa kwenye shamba la chai. Mwishoni mwa Desemba 2007, matokeo ya uchaguzi yalipozua vita, wafanyakazi hao walivamiwa ndani ya nyumba hizo, wengine wakauawa, maelfu wakakimbia kwenda makwao, kwao ambako baadhi hawakuwahi kuishi hata mwezi mmoja. Mtoto wa Mkisii aliyezaliwa Kericho na mtoto wa Mtalai aliyezaliwa Gwassi wangeelewana kwa haraka sana. Nasikitika kwamba madai ya mmoja yanazungumzwa mara nyingi kana kwamba ni tishio kwa mwingine, ilhali wote wawili wamefika pale kwa mpango wa mtu mwingine.

Madai yenyewe yamekwenda mbali katika miaka ya karibuni. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 wa mateso ya wakati wa Mau Mau pauni milioni 19.9, na watu wa Kericho wakaona mlango umefunguka. Paul Chepkwony, gavana wa kwanza wa kaunti hiyo, alilibeba jambo hilo kwa vipindi vyake vyote viwili, akikusanya wahanga wa Kipsigis na Talai zaidi ya laki moja. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi iliona kwamba walidhulumiwa, ikapendekeza Uingereza iombe radhi na mashamba ya chai yapimwe upya. Mwaka 2021 wataalamu maalum wa Umoja wa Mataifa wakaiandikia serikali ya Uingereza wakionyesha wasiwasi wao. Agosti 2022 shauri likapelekwa Strasbourg, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwishoni mwa 2023 alikiri kwamba Wakenya walitendewa ukatili usio na udhuru wowote. Radhi rasmi hakuomba. Mashamba yenyewe yamekuwa yakibadilisha mikono wakati huo wote: Unilever, mrithi wa Brooke Bond, imetoka, Finlay imetoka, na kampuni ya Browns ya Sri Lanka imeingia. Mdaiwa anazidi kuwa mgeni kwa kesi.

Katika mashauri haya yote Mtalai anatakiwa athibitishe kwamba yeye ni nani. Wakili anataka ushahidi, na ushahidi mzuri kuliko wote uko Nairobi, Moi Avenue, kwenye jengo la Nyaraka za Taifa linalotazamana na sanamu ya Tom Mboya. Humo mna majalada ya Wilaya ya Kericho ya miaka ya ukoloni: taarifa za kila mwaka za wakuu wa wilaya (ma-DC), barua za kulalamikia malaiboni, mipango ya kuwasafirisha. Ni maandishi ya watu waliowachukia, na mengine yanaudhi kuyasoma. Ila ndani yake mna majina ya mababu, yameandikwa na mtu ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuwatungia nasaba nzuri.

Ningemshauri kijana wa Talai anayekwenda huko abebe majina matatu: la baba, la babu, na la rika alilotahiriwa nalo babu, liwe Maina, Chumo au Sawe. Rika litampa makadirio ya miaka pale ambapo tarehe haipo. Asitafute tahajia moja. Makarani wa kikoloni waliandika walivyosikia, na Koilegen huyo huyo utamkuta mahali pengine akiwa Koilege, mahali pengine akiwa na jina la utoto ambalo familia ililiacha. Na kama bibi yake yungali hai, hata asipojua kusoma, amchukue waende wote. Karani wa jalada ataleta karatasi, kijana atasoma kwa sauti, na bibi ndiye atakayejua kwamba majina mawili yaliyoandikwa kwenye kurasa tofauti ni ya mtu mmoja.